Motokaa Kuukuu na Daftari Lisiloandikwa



Nataka kujibu maneno yavumayo maofisini, kwamba motokaa kuukuu ndiyo nafuu ya karani. Wasemao hivyo hupenda kumalizia kwa methali, "Ya kale ni dhahabu." Nami nawajibu: dhahabu hainywi petroli, wala haihitaji fundi.

Hapana ubaya kununua motokaa iliyotumika. Nyingi katika hizi zitokazo Japani zilitengenezwa vema, na huko kwao hukaguliwa kwa amri ya sheria: mara ya kwanza baada ya miaka 3, na baadaye kila miaka 2. Lakini zikiisha kununuliwa hapa kwetu, mkaguzi wake wa kila siku ni mnunuzi mwenyewe, naye mara nyingi amelala.

Na tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Mtu akikopa shilingi 10,000,000 akanunua gari litakalomfaa miaka 5, kisha likawa chuma chakavu, amelipa zaidi ya shilingi 166,000 kila mwezi hata lisipotoka kivulini. Juu yake aongeze riba, bima, petroli, matairi na fundi. Karani wetu huhesabu bei ya kununulia tu. Hayo mengine huyaita bahati mbaya. Je, tairi kuisha ni bahati mbaya? Ni jambo lijulikanalo tangu siku ya kwanza.

Tazameni mkanda wa taimingi. Injini nyingi za zamani zinao, nao ni wa mpira. Watengenezaji wengi waliagiza ubadilishwe kila kilomita 100,000 au pungufu yake. Ukikatika njiani, katika injini za namna fulani pistoni hugonga valvu, na injini huharibika. Mkanda waweza kulipwa kwa mshahara. Injini yataka mkopo mwingine. Vivyo hivyo mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata gari likisimama, na yakizeeka huweza kuchemka katika mteremko mrefu, mtu akakanyaga na gari lisisimame. Tairi nalo limeandikwa umri wake ubavuni kwa tarakimu 4: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Ni wangapi kati yetu, wasomaji wa majalada, waliowahi kuzisoma?

Wengine watailaumu Serikali. Kenya hukataza kuingizwa gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka. Lakini sheria hizo zahesabu umri wa gari, hazihesabu uzembe wa mwenye gari. Gari la miaka 15 lililotunzwa laweza kumfikisha mtu Morogoro. La miaka 6 lisilotunzwa litamlaza Chalinze.

Aibu yetu ni hii. Gari la ofisi likienda safari, twaandika kilomita, lita na saa, na saini chini yake. Gari la nyumbani, lililonunuliwa kwa jasho letu, halina hata ukurasa mmoja. Nimemwona mwenzetu akimlipa fundi kwa ada ya shule ya mwanawe. Mtoto akarudishwa nyumbani, na gari likabaki juu ya mawe vilevile.

Basi natoa shauri kwa chama chetu cha akiba na mikopo: mwanachama aombaye mkopo wa motokaa aonyeshe kwanza hesabu ya gharama za mwaka, na sehemu 1 katika 5 ya mkopo huo iwekwe akiba kwa matengenezo. Asiyeweza kuiweka sehemu hiyo aweza kuinunua motokaa, lakini hawezi kuwa nayo. Huyo na apande basi bila haya, na mwanawe akae darasani.

Ni mimi,
Karani Mwenzenu