Leza Imesifiwa, Programu Je?

Leo tuache kidogo habari za simu na tovuti. Nataka tuzungumze kuhusu punje ya kioo isiyoonekana kwa macho, inayoelea ndani ya ombwe bila kushikwa na chochote ila mwanga. Si hadithi ya paukwa pakawa, ni kazi ya maabara. Ugomvi wangu ni huu: kila ikisimuliwa, sifa zote huenda kwa leza, na sehemu inayotuhusu sisi wa programu hurukwa.

Chimbuko ni Arthur Ashkin wa Bell Labs, Marekani. Mwaka 1970 alionyesha kwamba mwanga wa leza unaweza kusukuma na kunasa matufe madogo sana, na mwaka uliofuata akalifanya tufe la kioo lielee hewani. Nobel alikuja kuipata mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 96! Siku hizi lenzi hukusanya mwanga hadi kwenye nukta moja, na chembe huvutwa pale mwanga unapokolea zaidi. Kisha hewa hunyonywa nje, maana molekuli zake huigonga chembe kutoka kila upande bila kukoma.

Chembe ikishanaswa hivyo hutikisika, tuseme mara 100,000 kwa sekunde. Utajuaje iko wapi? Kwa mwanga inaoutawanya tu. Na mwanga huo ni haba. Kwa chembe ndogo kuliko wimbi la mwanga, ukipunguza kipenyo kwa nusu, mwanga unaotawanyika hupungua mara 64. Isitoshe, kila fotoni inayotawanyika huipiga chembe teke. Watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, walipima athari ya mateke hayo mwaka 2016. Ukiongeza mwanga ili uone vizuri, umeongeza mateke. (Aliyewahi kujaza programu yake amri za kuchapisha ili amkamate mdudu, kisha mdudu akatoweka kwa sababu ya amri zenyewe, ananielewa.)

Sasa twende Vienna, Austria. Mwaka 2020 watafiti wa huko walituliza tufe la silika lenye kipenyo cha nanomita 143 na atomu kama milioni 100, hadi mtikisiko wake katika mhimili mmoja ukakaribia kabisa kiwango cha chini kinachoruhusiwa na fizikia ya kwanta. Walisaidiwa na vioo viwili vinavyotazamana. Mwaka 2021 kikundi cha Vienna, na kingine cha Zurich kwa njia yake, kikafika huko bila vioo hivyo. Wale wa Vienna walisoma mwanga uliorudi nyuma kutoka kwenye chembe, chipu iliyoprogramiwa ikakadiria ilipo na mwendo wake, halafu nguvu ya umeme ikaisukuma kinyume, kwa kuwa chembe ina chaji.

Kadirio lile lilifanywa na nini? Chujio la Kalman! Ni hesabu aliyoichapisha Rudolf Kalman mwaka 1960, ikatumika kuongoza vyombo vya Apollo. Bashiri, pima, linganisha, sahihisha, na uamini kila upande kulingana na kelele yake. Mimi nilikutana nayo kwenye kazi ya kufuatilia malori kwa GPS. Kwenye ramani lori lilikuwa linatoka barabarani, linaingia mtoni, linarudi. Mistari michache ya chujio hilo ikalituliza.

Mtu ataniambia hiyo ni hisabati, si programu. Haya, lakini mtikisiko mmoja huchukua sehemu 10 za milioni za sekunde. Ukichelewa nusu ya hapo, nguvu uliyokusudia itulize chembe inaichochea. Kupanga hesabu iingie katika nafasi hiyo, kila mara, bila kukosa hata mara moja, kama si kazi ya programu basi sijui ni ya nani.

Nayasema haya kwa sababu vijana wanaosomea tarakilishi hapa kwetu huniuliza matriki na nadharia ya uwezekano zina faida gani, wakati kazi zinazotangazwa ni za tovuti. Wengine wangefurahi masomo hayo yafutwe. Mimi napinga kabisa. Tovuti mtu hujifunza kazini, miezi sita inatosha. Matriki sijamwona anayejifunza usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Na huhitaji leza ili ujaribu. Chukua lugha yoyote uipendayo, andika mlinganyo wa springi, ongeza mateke ya nasibu, ficha mahali halisi pa chembe, toa vipimo vyenye kelele tu. Andika chujio, rudisha nguvu kinyume cha mwendo uliokadiriwa. Ikishatulia, chelewesha jibu kidogo kidogo uone inavyoanza kuruka. Halafu niambie ilikushinda wapi.