Herufi za kijivu, jua la Wote
Mama anayeuza ndengu Kitui, au maembe sokoni Wote, macho yakianza kufifia humkabidhi mjukuu simu pamoja na namba yake ya siri. Hilo linaniuma. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kupata habari, lakini wabunifu wa programu bado wanaandika kwa kijivu hafifu juu ya nyeupe, rangi ambayo jua la Ukambani huimeza hata kwa mwenye macho mazima. Kanuni ya kimataifa inataka mng'ao wa maandishi ya kawaida na wa usuli wake utofautiane angalau mara 4.5. Herufi zikikuzwa, vitufe visipotee, na kila kitufe kipewe jina ambalo TalkBack, programu ya simu ya kusoma skrini, italisoma kwa sauti. Programu ijaribiwe Wote, saa saba mchana, mikononi mwa mama huyo, kabla haijazinduliwa Nairobi.