“Wote si” au “Si wote”? Silojisimu ni somo la lugha kwanza

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari kule Kazimia, tukijiandaa kwa Mtihani wa Taifa, mwalimu aliandika ubaoni sentensi mbili za Kifaransa. Ya kwanza: «Tous les pêcheurs ne sont pas riches.» Ya pili ilisema kwamba jirani yetu ni mvuvi. Tuchague jibu: jirani ni tajiri, jirani si tajiri, au hakuna hitimisho. Wengi wetu tulichagua la pili, tukakosa. Mwalimu akasema hatujui kufikiri.

Miaka imepita, nami sasa ni mwanafunzi wa lugha. Naona mwalimu yule alikosea kuhusu ugonjwa. Tulifikiri sawasawa, tulichokosa ni kusoma. Kila mmoja wetu aliitafsiri sentensi ile kichwani neno kwa neno: “Wavuvi wote si matajiri.” Kwa Kiswahili, hiyo husomeka kwamba hakuna mvuvi tajiri hata mmoja. Ukianzia hapo, jirani si tajiri, na jibu letu lilikuwa halali kabisa. Lakini Kifaransa, kwa desturi yake, kilikuwa kikisema jambo jingine: “Si wavuvi wote walio matajiri.” Wapo wasio matajiri, jirani yetu yuko upande gani, hatujaambiwa. Kosa liliingia kabla mantiki haijaanza kazi.

Tunafundishwa silojisimu kama hesabu: kauli mbili tangulizi, neno la kati, hitimisho, na zile kanuni nane za kukariri. Tunaambiwa miundo yake ni 256, na kwa hesabu ya jadi iliyo halali ni 24 tu. Wengine huchora duara za Euler. Yote hayo yanasaidia, siyapingi. Lakini huwezi kuchora duara la sentensi usiyoielewa. Kazi ya kwanza ya mtahiniwa ni kupima uzito wa “wote”, “baadhi”, “hakuna” na “si”. Hiyo ni kazi ya semantiki, yaani kazi ya kitivo chetu.

Sisemi kwamba Kiswahili kinaponya kila kitu. Katika kutenganisha “wote si” na “si wote” kinatusaidia, kwa sababu mahali pa “si” panaonekana. Kwenye “baadhi” kinatutega sawa na Kifaransa. Nikikwambia baadhi ya wavuvi wa Kazimia wana mitumbwi yao, utaelewa kwamba wengine hawana. Mazungumzo yanaruhusu; mantiki hairuhusu. Kwake, “baadhi” ni angalau mmoja, na huenda wakawa wote. Asiyefundishwa tofauti hiyo ataongeza hitimisho ambalo hakupewa.

Kuna pia wanaoamini kwamba shida iko ndani zaidi: kwamba watu wa vijijini hawana mazoea ya kufikiri hivi. Hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka 1931 na 1932, mwanasaikolojia Alexander Luria aliwauliza wakulima wa Uzbekistan: kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe; mahali fulani huko kaskazini ya mbali kuna theluji; dubu wa huko wana rangi gani? Baadhi walijibu kwamba hawajafika huko, hawawezi kusema.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi yangu, aliyeanika ndagala mchangani maisha yake yote. Likizo ilipofika nikamjaribu. “Bibi, kuna ziwa la mbali ambamo samaki wote ni wekundu. Mtu amevua samaki humo. Ni wa rangi gani?” Akanitazama. “Mjukuu wangu, ziwa hilo sijafika. Muulize aliyevua.”

Jioni nikabadilisha maneno tu: “Bibi, hadithi. Hapo kale palikuwa na ziwa, samaki wake wote walikuwa wekundu. Siku moja mvuvi akatega wavu, akapata samaki mmoja...” Kabla sijamaliza akadakia, “Mwekundu, bila shaka! Endelea.”

Bibi mmoja si utafiti. Hata hivyo, Sylvia Scribner, aliyefanya kazi miongoni mwa Wakpelle wa Liberia, alionyesha jambo la namna hiyo: watu wasiosoma walipokubali kujibu kwa kufuata kauli walizopewa, walihitimisha vizuri. Asubuhi bibi aliona swali langu kama ushahidi, na mtu mwaminifu hatoi ushahidi wa asichokiona. Jioni alijua ni hadithi. Mtihani nao ni hadithi: unakubali ulichopewa, huongezi chako.

Na mantiki yenyewe anayo. Sote tunajua kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini bibi haanui ndagala kwa kila wingu linalotanda juu ya Tanganyika. Anajua kwamba kila penye mvua pana mawingu, ila si kila penye mawingu pana mvua. Hilo ndilo kosa lilelile linalowaangusha wanaohitimisha kwamba wavuvi wote wanajua kuogelea, mimi najua kuogelea, basi mimi ni mvuvi.

Mtihani utabaki kwa Kifaransa, na sitegemei ubadilike kesho. Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wetu. Somo la tafsiri litenge vipindi vichache vya maneno haya madogo, Kiswahili na Kifaransa bega kwa bega. Nasi tunaokwenda mazoezi ya kufundisha tuanze silojisimu kwa Kiswahili, kwa wavuvi na mawingu, ndipo tuivushe kwenda Kifaransa. Kijana anayerudia mwaka mzima, ada ikitoka kwenye ndagala za mama yake, asiambiwe hajui kufikiri kwa sababu ya “si” iliyokaa mahali pengine.