Mahari Yapanda, Shamba la Bibi Harusi Lasahaulika

Katika posa nyingi za Morogoro siku hizi, mshenga akiomba mahari ipunguzwe hujibiwa kuwa hiyo ndiyo mila. Mila ya nani? Kwa Waluguru wa Kinole, Matombo na Mgeta, ndoa haikutegemea fedha za bwana harusi. Ilitegemea ardhi ya ukoo wa mama.

Mluguru ni wa ukoo wa mama yake. Binti hupewa pa kulima kwa kuwa amezaliwa katika ukoo huo, awe ameolewa au hajaolewa. Zamani kijana ndiye aliyehamia ukweni, akalima na kujenga huko. Mali aliyotoa ilikuwa ndogo, nayo haikumpa watoto. Walibaki wa upande wa mama. Ndoa ikivunjika, aliyefunga mizigo ni mume. Mke alibaki shambani kwake, na wanawe hawakulala njaa.

Kwa Wakurya mambo ni tofauti: ng'ombe wa mahari ndio wanaowaingiza watoto katika ukoo wa baba. Ni desturi yenye mantiki yake kamili, huko kwao. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, kisha mashamba ya mkonge, watu wa makabila mengi walikuja, wakaoana na wenyeji. Hakuna ubaya. Ubaya ni kupandisha mahari kwa jina la mababu waliotosheka na mali ndogo, huku binti akiondoka kwao bila mtu kuuliza habari za shamba lake.

Mfumo wa kale nao ulikuwa na kasoro. Kauli ya mwisho juu ya ardhi ilikuwa ya wajomba na wakuu wa ukoo. Baba aliyepanda migomba kwenye ardhi ya ukoo wake alijua kwamba akifa itakwenda kwa watoto wa dada zake, si kwa wanawe. Uchungu huo ni wa kweli, lakini mahari kubwa haiuponyi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni halali hata kama mahari haikutolewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Basi wajomba wakikaa kupokea posa, waanze na shamba: liko wapi, mipaka yake ni ipi, nalo liandikiwe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la binti kabla ya kadi za michango kuchapishwa.