Kaunti Ituarifu Kabla ya Kuamua

Tarehe 24 Februari 2025, malori ya Kaunti ya Jiji la Nairobi yalimwaga taka kwenye lango la Stima Plaza, makao makuu ya kampuni ya umeme ya Kenya Power. Kampuni hiyo ilikuwa imezikatia umeme ofisi za kaunti kwa sababu ya deni. Kaunti nayo ilisema inaidai kampuni mabilioni ya shilingi kwa nguzo na nyaya zinazopita kwenye ardhi ya jiji. Picha zikasambaa nchi nzima, viongozi wakalaumiana, na wakubwa wa serikali kuu wakaingilia kati kuwapatanisha mahasimu.

Katika zogo lote hilo mkazi wa Nairobi alisahaulika. Yeye ndiye anayenunua tokeni za umeme kila mwezi, na ndiye anayelipa leseni, ada ya kuegesha gari na kodi ya ardhi. Pesa zilizogombaniwa zilitoka mfukoni mwake kwa pande zote mbili. Lakini ilibidi lango lizibwe kwa uchafu ndipo wengi wapate kujua kwamba mgogoro ulikuwapo. Sijasikia baraza lililoitishwa wadini kuwaeleza watu deni ni kiasi gani, limetokana na nini, na litalipwa kwa fungu lipi la bajeti.

Aibu ya siku ile ilikemewa na kila mtu, na ilistahili. Kinachonikera zaidi ni desturi iliyo nyuma yake, ambayo haikemewi. Serikali zetu za kaunti zimezoea kumpa mkazi habari jambo likiwa limekwisha kuamuliwa. Msimamo wangu ni huu: taarifa isiyomwachia mkazi muda wa kuielewa na kuijibu haipaswi kuhesabiwa kuwa taarifa, na uamuzi uliopitishwa kwa njia hiyo unafaa kufutwa, hata kama ni uamuzi mzuri.

Sheria haina utata. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti zitumie vyombo vinavyowafikia watu wengi zaidi, zikiwemo redio za kijamii na mikutano ya hadhara, na inataka habari hizo zipatikane kwa wakati ufaao.

Mahakama nazo zimesema. Aprili 2014, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 katika kesi iliyoletwa na Robert Gakuru na wenzake. Alisema haitoshi kurusha ujumbe mtandaoni kisha kuwaachia wanaojali wautafute wenyewe. Alitaka kaunti ziende makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza na kwenye redio za lugha za wenyeji, yaani popote watu wanapokutana. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco, Mahakama ya Juu iliorodhesha misingi ya ushirikishaji wa kweli, mmojawapo ukiwa kwamba wananchi wahamasishwe kwanza kuhusu jambo lenyewe kabla ya kuombwa maoni.

Watetezi wa mtindo wa sasa wana hoja zao, na ni haki zisikilizwe. Wanasema kutangaza kunagharimu pesa, na kaunti nyingi zina madeni ya wanakandarasi na mishahara iliyochelewa. Ni kweli, lakini kesi nazo hugharimu pesa, na sheria ya fedha ikifutwa mahakamani mapato ya kaunti huvurugika. Wanasema nyaraka ziko kwenye tovuti. Zingine ziko, kwa Kiingereza cha wanasheria, kwenye faili nzito ambalo mwenye bando la shilingi ishirini atasita kulifungua. Wanasema kuna dharura zisizongoja mkutano. Zipo, ila hata mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyowasomba watu wa Mathare na Mukuru yalikuja katika msimu ambao kila Mkenya anajua ni wa masika, na waliojenga kando ya mito walistahili kuambiwa mapema, mawingu yakiwa bado mbali, mpaka wa hatari uko wapi na wao wahamie wapi. Wanasema pia kwamba kushirikisha umma si kukubali kila maoni. Hilo ni sahihi, wala sijasikia mkazi aliyedai vinginevyo.

Hoja hizo zote zinapita kando ya kiini, na kiini ni muda.

Chukua tangazo la kawaida la mswada wa fedha wa kaunti. Linatoka katika gazeti la kitaifa, herufi zimebanana chini ya nembo ya kaunti. Linasema umma unakaribishwa kutoa maoni, kisha linafuata jedwali la kumbi, kaunti ndogo moja baada ya nyingine, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Si ajabu tarehe ya mkutano ikawa wiki moja tu mbele. Mswada wenyewe haumo ndani ya tangazo. Msomaji anaelekezwa tovutini, au kwenye ofisi ya karani wa bunge la kaunti.

Sasa mfuate mwanamke anayeuza chapati na maharagwe karibu na stendi ya matatu. Moyo wa mswada wa fedha ni jedwali la ada, na jedwali hilo lina mistari mingi mno. Ili ajue atatozwa nini, lazima autafute mstari unaohusu biashara ya ukubwa wake, aone kibali, cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula, ada ya zimamoto na ya bango kama analo. Kisha atafute ada ya mwaka uliotangulia ili alinganishe. Kama imepanda, awaulize wenzake iwapo nao wameiona. Chama chao hukutana Jumapili. Siku hiyo watakubaliana wanataka nini na nani aende kuwasemea, kwa sababu anayekwenda ukumbini saa nne asubuhi anapoteza mauzo ya siku nzima na ni lazima wenzake wamfidie. Halafu wamtafute mwenye mkono mzuri wa kuandika awaandalie waraka wa maoni. Hakuna uzembe katika hatua yoyote kati ya hizo. Hivyo ndivyo watu wenye kazi wanavyofikiria jambo kwa pamoja, na wiki moja haiwatoshi hata wakikesha.

Tena ukitaka kuona jinsi jambo hili lilivyopinda, weka muda wa afisa na muda wa mkazi kando kwa kando. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa afisa wa umma hadi siku 21 kuamua ombi la raia anayetaka waraka. Mama yule akipeleka ombi rasmi siku ileile ya tangazo, akitaka aonyeshwe hesabu zilizofanya ada ipandishwe, afisa anaweza kumjibu siku ya ishirini na moja na asiwe amevunja sheria. Kufikia siku hiyo ukumbi umekwisha kufungwa wiki mbili nyuma na diwani wake pengine amekwisha kupiga kura. Afisa mwenye dawati, kompyuta na mshahara amepewa wiki tatu za kushughulikia waraka ambao anao tayari. Mchuuzi asiyekuwa nao anapewa wiki moja ya kuutafuta, kuusoma, kuuelewa na kuujibu. Nani ataniambia kwamba mizani hiyo ni ya haki?

Wala kaunti haiwezi kujitetea kwamba imeshtukizwa na kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imepanga tarehe zote. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha ni tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti ni tarehe 30 Aprili. Mswada wa fedha hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi kupitishwa. Tarehe hizi zinajulikana mwaka mzima kabla, na zimejulikana tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013. Anayetangaza mkutano wa bajeti akiwa amebakiza siku chache anajua muda aliokuwa nao na anajua muda aliounyima umma. Mimi siwezi tena kukubali kuambiwa kwamba ni bahati mbaya inayojirudia kila mwaka.

Muda ukiminywa hivyo, kila kasoro nyingine huongezeka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini Nairobi, wanaoishi katika wadi 85 na kaunti ndogo 17. Ukumbi mmoja kwa kila kaunti ndogo maana yake ni ukumbi mmoja kwa watu zaidi ya laki mbili na nusu. Hakuna ukumbi wa kijamii wa kuwatosha, na hakuna anayetarajia waje wote. Kama wangepewa mwezi mmoja, wangeweza kujadiliana ploti kwa ploti na soko kwa soko, wakatuma wajumbe wachache wenye kauli ya wengi. Wakipewa wiki moja, ukumbi hujazwa na wale waliopigiwa simu na diwani, wakasafirishwa kwa basi na kuahidiwa chakula cha mchana. Kisha daftari la mahudhurio hupelekwa mahakamani kama ushahidi kwamba umma ulishirikishwa.

Hapa ndipo subira yangu inapokwisha, maana hoja inayofuata huwa ileile: wananchi hawaji mikutanoni, hawajali. Ni matusi hayo. Watu wanaojaza kikao cha chama kila Jumapili, wanaochangia matanga ya jirani usiku wa manane na wanaokwenda baraza la chifu likitangazwa kwa kipaza sauti mtaani, watu hao wanajali. Hawaji kwa sababu hawakuambiwa, au waliambiwa jana kuhusu kesho, au walikwenda mara moja wakakuta uamuzi umechapishwa tayari. Afisa anayewanyima watu muda kisha akawalaumu kwa kutofika, anawaadhibu mara mbili kwa kosa ambalo ni lake mwenyewe.

Na asiniambie mtu kwamba kaunti haina njia ya kutufikia. Inapotaka pesa, inatufikia vizuri sana. Mfumo wa NairobiPay unapokea malipo kupitia simu. Mwenye gari asipolipia maegesho, kanjo, yaani askari wa kaunti, humpata kabla hajamaliza shughuli zake, gurudumu likafungwa mnyororo. Mwenye duka asiye na kibali hupatikana mlango ulipo, hata uwe kwenye kichochoro kipi. Serikali inayoijua namba ya simu yangu na mlango wa duka langu siku ya kudai haiwezi kudai kwamba imenipoteza siku ya kuniarifu. Kibera ina Pamoja FM, Korogocho ina Koch FM, na kila wadi ina msimamizi anayelipwa na kaunti. Barabara ya kupitishia habari ipo na inatumika kila siku, ila kwa upande mmoja tu.

Dawa yake si ngumu, wala haihitaji ngoja ngoja ya mswada wa kitaifa wa ushirikishaji wa umma, ambao umeletwa bungeni zaidi ya mara moja bila kuwa sheria. Bunge la kaunti linaweza kujitungia sheria yake. Ya kwanza iwe siku 30 kamili kati ya tangazo na mkutano, zihesabiwe kuanzia siku mswada wenyewe utakapofika katika kila ofisi ya wadi, na si siku gazeti litakapochapishwa. Ya pili, mswada uambatane na muhtasari kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya taifa na lugha rasmi chini ya Kifungu cha 7 cha Katiba, wenye safu mbili: ada ya sasa na ada inayopendekezwa. Ya tatu, ujumbe mfupi utumwe kwa kila namba iliyomo katika mfumo wa malipo, na tangazo lisomwe redioni na katika mabaraza. Ya nne, mkutano ufanyike wadini, jioni au Jumamosi, na baada yake kaunti ibandike ukutani maoni iliyoyakubali, iliyoyakataa, na sababu.

Hii ya siku 30 ndiyo isiyopaswa kujadiliwa bei. Hizo nyingine zikikosekana, watu waliopewa muda watasaidiana: atapatikana wa kuwatafsiria, wa kuchapisha nakala na wa kutembea nyumba kwa nyumba. Muda ukikosekana, hakuna redio wala tovuti itakayoufidia. Basi mkazi wa Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru au Eldoret atakayeletewa tangazo la wiki moja msimu ujao wa bajeti asiende ukumbini kulihalalisha kwa sahihi yake. Alikate, aandike juu yake tarehe aliyolipata, apeleke ombi la waraka siku hiyohiyo kwa maandishi, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakazi wa Kiambu walikwenda mahakamani mwaka 2013 na wakashinda. Kaunti itakayoendelea kuamua kwanza na kuarifu baadaye ikutane nao hukohuko.