Boga Nalo Ni Akiba

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Hata hivyo, mkulima wa Hewani, katika eneo la Garsen, anajua fika kwamba boga huoza. Maboga hukomaa kwa pamoja, bei ikashuka, na yaliyosalia yakarundikwa sakafuni. Baada ya majuma machache mengi hutupwa.

Hasara hiyo si ndogo. Maisha ya bonde la Tana huendeshwa na mto. Maji yanapopungua huacha rutuba. Yanapozidi huchukua shamba na chakula pamoja, kama ilivyotokea wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, na tena mwaka 2018 na mwishoni mwa 2023. Boga lililohifadhiwa vyema, mahali palipoinuka, ni mlo wa watoto kabla msaada haujafika.

Uhifadhi huanzia shambani. Boga livunwe ganda likiwa gumu kiasi cha kutopenywa na ukucha, na kikonyo kikiwa kimeanza kukauka. Likatwe kwa kisu, libakizwe kikonyo cha urefu wa kidole, wala lisibebwe kwa kukishika. Kikikatika, jeraha linaloachwa huwa mlango wa kuvu. Lisioshwe. Kisha liachwe siku 10 hivi mahali pakavu penye hewa ili ganda likazike. Joto la nyuzi 27 hadi 30 linalohitajika kwa kazi hiyo, pwani tunalo bila gharama.

Tatizo ni hatua inayofuata. Wataalamu hupendekeza ghala la nyuzi 10 hadi 15, kiwango ambacho Garsen hakipatikani bila mitambo. Kwa hiyo hatudai kuwa boga litakaa miezi sita. Lakini likiwekwa juu ya uchaga, kivulini, bila kugusana na jingine, na kukaguliwa kila juma, litadumu zaidi kuliko lile la sakafuni. Lenye jeraha liliwe kwanza, au likatwe vipande vyembamba na kukaushwa kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali hupunguza vitamini A.

Hapa ndipo walimu wanapohitajika. Somo la kilimo limo katika mtaala, lakini aghalabu huishia ubaoni. Wanafunzi na wayachukue maboga 10 ya shamba moja, matano yawekwe juu ya uchaga na matano sakafuni katika chumba kile kile. Wayapime uzito kila juma na kuandika ni lipi limeoza na lilianzia wapi. Jaribio hilo halihitaji maabara, na matokeo yake yatakuwa ya Hewani yenyewe, si ya nchi za baridi.

Wazazi wao wamekuwa wakilima kando ya Tana kwa vizazi vingi na hawahitaji kufunzwa kupanda. Wanachohitaji ni mavuno yasipotee baada ya jasho kumwagika. Shule zianze katika mavuno yajayo, kabla mto haujafurika tena.