Wenye Mlima Waupande

Kuna chura mdogo ambaye dunia nzima haina mwingine wa jenasi yake, na makao yake ni nyasi na mabwawa ya juu kabisa ya milima ya Itombwe, Kivu Kusini. Mbelgiji Raymond Laurent alimweleza kitaalamu mwaka 1951. Baada ya muongo huo, wanasayansi hawakumwona tena kwa zaidi ya nusu karne, hata wakaanza kumhesabu miongoni mwa waliopotea. Mwaka 2011 Eli Greenbaum wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, akiwa na Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti cha Lwiro na wenzao Wakongomani, akampata akiwa hai. Yaelekea wachungaji wa huko juu hawakuwahi kumpoteza, ila hakuna aliyewauliza.

Wito wa kuipanda na kuitunza milima hiyo unawaendea wakazi wa Lemera, wa uwanda wa Ruzizi na wa Uvira mjini, kwa sababu mlima unaozungumzwa ni wao na wengi wao hawajawahi kuupanda kwa ajili ya kuutazama. Wanaupanda kwa shamba, kwa msiba, kwa kutafuta ng'ombe, kwa kukimbia vita. Kuupanda kwa macho tu, na daftari mkononi, kumeachiwa wageni.

Itombwe si kilima kimoja. Ni safu nzima ya milima inayosimama magharibi ya Ruzizi na ya Ziwa Tanganyika, na kilele chake kirefu, Mohi, kinafika mita 3,475. Anayetoka bondeni anapita kwanza mashamba ya muhogo na migomba, halafu msitu wenye miti iliyovikwa kuvu na ndevu za kijani kibichi, halafu mianzi. Karibu na vilele miti inakwisha. Hapo kuna nyasi fupi, ardhi nyeusi iliyolowa inayobonyea chini ya mguu, na vichaka vya erika: mashina magumu yaliyopinda kwa upepo, majani membamba kuliko punje ya mchele, maua madogo ambayo chozi hufuata nekta yake. Jua la mchana linachoma na usiku kuna baridi ya kung'ata. Aliyezoea joto la Sange na Kiliba, kule bondeni, huona ajabu kwamba baridi hiyo iko katika wilaya yake mwenyewe.

Zaidi ya aina 560 za ndege zimeandikwa katika milima hii, na mmoja ana kisa cha pekee. Mwaka 1951, huko Muusi, alipatikana bundi mdogo aliyepewa jina la Alexandre Prigogine, mtaalamu aliyewakusanya ndege wa Itombwe kwa miaka mingi. Wa pili alinaswa wavuni Mei 1996, miaka arobaini na mitano baadaye. Huenda watafiti wangerudi haraka kumtafuta wa tatu. Lakini tarehe 6 Oktoba mwaka huohuo hospitali ya Lemera, ambayo daktari wake mkuu alikuwa Denis Mukwege, ilishambuliwa. Wagonjwa na wauguzi waliuawa, na vita vilivyoanzia upande huu vikaienea nchi nzima. Tangu hapo Lemera inajulikana duniani kwa jambo hilo moja. Ina haki ya kujulikana kwa mengine.

Mtu wa Uvira anaweza kuuliza: chura na bundi wanamhusu nini mama anayebeba ndoo? Wanamhusu sana. Maji ya bomba mjini Uvira yanachotwa kutoka mto Mulongwe, na Mulongwe unashuka kutoka milimani. Ardhi ile nyeusi ya juu na msitu ulio chini yake hunywa mvua na kuiachia polepole. Vikichomwa na kulimwa, mvua inateremka yote kwa mpigo mmoja ikiwa na mawe na matope. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, makumi ya watu wakafa na maelfu ya nyumba zikaharibiwa. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli. Lakini miteremko iliyo wazi haikusaidia. Na maji ya bomba yanapokatika, inajulikana kwamba kipindupindu kitafuata, maana Uvira ni miongoni mwa miji ambamo ugonjwa huo haukomi.

Kwa nini basi watu wa vijijini huguna wanaposikia neno hifadhi? Wana sababu. Mwaka 1975 mbuga ya Kahuzi-Biega ilipanuliwa hadi kilomita za mraba 6,000, Batwa wakaondolewa katika msitu wa mababu zao, na malalamiko yao hayajaisha mpaka leo. Itombwe ilipotangazwa hifadhi kwa amri ya waziri mwezi Oktoba 2006, vijiji havikuwa vimeulizwa, na hofu ileile ikapanda mlima. Safari hii, hata hivyo, watu hawakunyamaza. Walikaa na mashirika na wakuu wao, wakachora ramani wenyewe, wakabishana kijiji kwa kijiji juu ya wapi pawe pa wanyama na wapi pa kulima. Mwaka 2016 amri ya jimbo la Kivu Kusini ikaithibitisha Hifadhi ya Itombwe yenye kilomita za mraba 5,732, ikiwa na kanda ambazo watu wanaendelea kuzitumia. Mipaka hiyo ilipatikana kwa jasho la wanavijiji. Kuiacha ioze kwenye makabati ya ofisi ni kuitupa kazi yao.

Lazima lisemwe jambo la usalama bila kulizungusha. Tangu mwaka 2017 nyanda za juu zimeteketea kwa mapigano. Vijiji vya Bafuliiru, Banyindu, Babembe na Banyamulenge vimechomwa, ng'ombe wameporwa. Hakuna chura anayestahili roho ya mtu. Penye bunduki pasiendwe, na anayeongoza kundi asimwamini dereva wa pikipiki peke yake. Aulize viongozi wa kijiji na walinzi wa hifadhi wa ICCN siku hiyohiyo. Lakini miteremko iliyo jirani na Lemera ina msitu na chemchemi za kutosha kuanzia, siku ambayo njia ni salama.

Waanze wanafunzi. Shule moja, darasa moja, watu wachache wasiozidi idadi inayoweza kutembea bila kelele, wakiongozwa na mzee anayejua majina ya miti kwa Kifuliiru na, inapowezekana, na Mtwa anayejua nyayo. Huyo alipwe kama mwalimu, kwa kuwa ndivyo alivyo. Waandike ndege waliowaona na chemchemi zilizokauka. Wasichume, wasiwashe moto, warudi na takataka zao. Gorila na sokwe wa Itombwe hawajazoezwa watu kama wale wanaotembelewa Kahuzi. Asiyefundishwa asiwafuate, kwa usalama wake na wao, maana hata mafua ya binadamu huwadhuru.

Makanisa yafuate. Yana vijana, yana kwaya zinazosafiri, na yana sauti ambayo serikali haina. Lakini jambo zito zaidi liko mikononi mwa wafugaji na wakulima: moto wa kiangazi. Kati ya Juni na Agosti nyasi huchomwa ili zichipue upya kwa ajili ya ng'ombe, na moto ukiponyoka hauchagui. Nyasi hurudi kwa mvua ya kwanza, erika huchukua miaka. Wafugaji na wakulima wakikaa pamoja kabla ya Juni wanaweza kukubaliana nani achome wapi na nani asimame zamu. Mkutano wa namna hiyo una faida nyingine: unawakalisha mkeka mmoja watu ambao kwa miaka wameonana kwa hofu tu.

Sheria nayo ipo, haijatumika vya kutosha. Amri ya Agosti 2014 inairuhusu jamii kuomba msitu wake wa asili uwe msitu wa jamii, hadi hekta 50,000, ukiwa na kamati na kanuni zake. Uganda inavirudishia vijiji jirani asilimia 20 ya malipo ya kuingia mbugani. Kamati ya Lemera yenye hati mkononi ingekuwa na pa kusimama kudai utaratibu kama huo hapa, siku watalii watakaporudi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ndogo na inajulikana: salongo, kazi ya pamoja ya jamii. Jumamosi moja ya mwezi, badala ya kufagia barabara peke yake, vijana wa Lemera wasafishe njia ya kupandia na kuotesha miche ya miti ya asili kando ya chemchemi. Wa Uvira, wanaokunywa maji ya mlima huo, wachange nauli, majembe na mifuko ya miche. Na wakuu wa cheferi ya Bafuliiru waitishe kikao cha moto kabla kiangazi hakijaingia, wafugaji wakiwa wamealikwa kwa majina.